Nyigu wa Vivimbe vya Mwamba-ngoma: Yupi Mjenzi, Yupi Kimelea, na Itumike Njia Ipi Kuwatambua

Mti ambao Waswahili huuita mwamba-ngoma, Wakikuyu muhuti, Waluhya murembe, Wanyarwanda umuko na Warundi umurinzi, hujulikana zaidi kwa maua yake mekundu yanayochanua wakati matawi hayana majani. Anayeusogelea huona pia jambo jingine: majani machanga yaliyojikunja na kuwa mazito, vikonyo vilivyonenepa, na nundu kwenye vitawi ambazo zikikatwa kwa wembe huonyesha vyumba vidogo vyenye mabuu meupe. Hivyo ndivyo vivimbe. Hutokea pale nyigu jike anapotaga ndani ya tishu changa, mmea ukaota nyama isiyo ya kawaida kulizunguka yai, na buu akapata nyumba na chakula mahali pamoja.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukata tawi la namna hiyo, akalifungia katika chupa, na sasa anaona nyigu wadogo wa urefu wa milimita moja au mbili wamejikusanya upande wenye mwanga, naye anatakiwa aamue ni nani kati yao aliyejenga kivimbe na ni nani aliyemla mjenzi. Swali hilo lina uzito mkubwa kuliko udogo wa wadudu wenyewe. Anayemdhania mjenzi kuwa kimelea, kisha akamfuga na kumwachia huru shambani, atakuwa amepanda ugonjwa kwa mikono yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule uliounganisha Tanzania na visiwa vya Hawaii. Mwaka 2004 wataalamu Il-Kwon Kim, Gérard Delvare na John La Salle walimpa jina la kisayansi nyigu mmoja anayejenga vivimbe kwenye miti ya jenasi Erythrina, yaani kundi la spishi za karibu ambamo mwamba-ngoma nao umo, kutokana na sampuli za Singapore, Mauritius na Réunion: Quadrastichus erythrinae. Mwaka uliofuata, Aprili 2005, nyigu huyo alionekana katika kisiwa cha Oahu, na katika muda wa miezi tu akaenea katika visiwa vikuu vyote vya Hawaii, akiangamiza miti ya mapambo na kuuhatarisha wiliwili, Erythrina sandwicensis, mti wa asili usiopatikana kwingineko duniani. Watafiti waliofuata asili yake walielekea Afrika, na nchini Tanzania walimpata, ndani ya vivimbe hivyo hivyo, nyigu mwingine aliyekuwa akiwala mabuu wa mjenzi. Michael Gates na Delvare walimwita Eurytoma erythrinae mwaka 2008, na baada ya kuchunguzwa katika karantini aliachiwa huru Hawaii Novemba mwaka huohuo. Kazi yote hiyo ilitegemea jambo moja, kwamba mtu aliweza kuangalia nyigu waliotoka katika kivimbe kimoja na kuwatenganisha bila kukosea.

Kabla ya kuwalinganisha, maneno matatu yahitaji kuelezwa. Mjenzi ni yule ambaye kutaga kwake ndiko kunakosababisha kivimbe. Kimelea, kwa maana ninayoitumia hapa, ni nyigu ambaye buu wake hukua kwa kumla buu wa mdudu mwingine hadi kumuua. Yuko mbali na kupe, ambaye hunyonya na kumwacha mwenyeji wake hai. Wa tatu ni mpangaji, ambaye hakujenga wala hawindi, bali hula nyama ya mmea ndani ya nyumba ya mwenzake, na pengine humuua mwenye nyumba kwa kumnyima chakula bila kumgusa. Wote watatu wanaweza kutoboa tundu la duara na kutoka nje siku moja, kwa hiyo tundu peke yake halimshuhudii yeyote.

Mjenzi na kimelea, ubavu kwa ubavu

Tuanze na mjenzi, Quadrastichus erythrinae, kwa kuwa ndiye atakayejaza chupa. Jike ana urefu wa milimita 1.45 hadi 1.6, mwenye rangi ya kahawia iliyokolea na mabaka ya manjano. Kichwa kwa sehemu kubwa ni cha manjano. Juu ya mgongo wa kifua kuna alama ya kahawia yenye umbo la herufi V au pembetatu iliyogeuzwa, inayoanzia mbele, na pande zake zimebaki manjano. Dume ni mdogo zaidi, milimita 1.0 hadi 1.15, na mahali ambapo jike ana manjano yeye ana weupe au manjano hafifu. Miguu yake yote ni myeupe-myeupe, na nusu ya mbele ya tumbo lake ni hafifu ilhali nusu ya nyuma ni ya kahawia.

Tofauti hiyo ya jike na dume ndiyo mtego wa kwanza, na nimeona watu makini wakinaswa nao. Mwanafunzi hufungua chupa, akaona nyigu wakubwa weusi-weusi na wadogo weupe-weupe, akahitimisha kwamba ana spishi mbili, kisha akawapa wadogo cheo cha kimelea kwa kuwa ni wachache na wanaonekana tofauti. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika katika daftari langu "kimelea, hafifu, mdogo" kwa majuma mawili mfululizo kabla ya kuwaweka chini ya hadubini na kukuta kuwa ni madume wa mjenzi. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Anayetamani kumpata kimelea humwona kimelea, na nilijifunza kuihesabu tamaa yangu kuwa mojawapo ya vyanzo vya kosa.

Eurytoma erythrinae, kwa bahati njema, si mgumu kumtenga na mjenzi endapo mtu ataacha kutegemea ukubwa na rangi na kuangalia maumbile. Nyigu wa familia ya Eurytomidae huwa na mwili mgumu na mnene, kwa kawaida mweusi usio na mng'ao wa madini, na kifua chao kimejaa vishimo vya duara vilivyopangana mithili ya subana ya mshonaji. Sehemu ya kwanza ya kifua, ile inayofuata shingo, ikitazamwa kutoka juu ni pana na ya mstatili, kama kola iliyosimama. Mjenzi naye, akiwa wa familia ya Eulophidae, ana mwili laini, mgongo wake hauna vishimo vya namna hiyo, na juu ya ngao ndogo ya nyuma ya kifua kuna mistari iliyochimbika inayokwenda kwa urefu.

Alama ninayoiamini kuliko zote ni vipingili vya wayo. Eulophidae wana vinne katika kila mguu, na Eurytomidae wana vitano. Alama hiyo haibadiliki kwa umri, kwa chakula wala kwa jinsia, na haipotei sampuli inapopauka ndani ya spiriti. Inahitaji hadubini ya kukuza mara 40 au zaidi, mwanga mzuri wa pembeni, na subira ya kuhesabu miguu miwili au mitatu, kwani kipingili kimoja kikijikunja huonekana kama hakipo. Anayetaka uthibitisho wa pili ahesabu vipingili vya kipapasio cha jike: kati ya kiungo cha mwanzo na rungu la mwisho, jike wa Quadrastichus ana vipingili vitatu, na jike wa Eurytoma ana vitano. Dume wa Eurytoma hujitambulisha mwenyewe, kwa kuwa vipingili vya vipapasio vyake vimebanwa kati ya kimoja na kingine na kuzungukwa na nywele ndefu, na tumbo lake limeunganishwa na kifua kwa kiuno kirefu.

Hapo anabaki wa tatu, ambaye ndiye mgumu. Mwaka 2009 Gerhard Prinsloo na mwenzake Kelly walieleza spishi mpya tano za nyigu wanaohusiana na vivimbe vya Erythrina huko Afrika Kusini, zote za kundi lilelile la Eulophidae alimo mjenzi wetu: Quadrastichus gallicola, Q. bardus, Q. ingens, Aprostocetus nitens na A. tritus. Katika hao, Aprostocetus nitens alipata kutazamwa kama msaidizi wa pili wa kupelekwa Hawaii, kwa sababu Eurytoma alipunguza sana vivimbe vya majani na vitawi lakini maua na maganda ya mbegu za wiliwili yaliendelea kushambuliwa. Kuhesabu vipingili vya wayo hakusaidii tena hapa, maana Aprostocetus naye ana vinne. Badala yake tunalitazama bawa la mbele, kwenye kipande cha kwanza cha mshipa kinachotoka begani kabla ya kufika ukingoni. Quadrastichus ana nywele moja tu imesimama juu ya kipande hicho. Aprostocetus kwa kawaida ana mbili au zaidi, mara nyingi tatu na kuendelea. Tena, kwenye ncha ya tumbo kuna vijiuvimbe viwili vyenye nywele za kuhisi, na kwa Aprostocetus nywele mojawapo ni ndefu kuliko nyingine na imepinda. Alama hizi zinataka bawa lililotandazwa kwenye kioo cha slaidi na hadubini ya kukuza zaidi, wala hazitoki kwa lenzi ya mkono.

Kwa nini jina la jenasi halitoshi

Kuna wanaoridhika wakifika kwenye jenasi, wakidhani kwamba jenasi hueleza pia maisha ya mdudu. Kwa nyigu wa vivimbe dhana hiyo ni ya hatari, na mfano wake uko hapa kwetu kwenye mikaratusi. Mwaka 2002 mikaratusi ya magharibi mwa Kenya na ya Uganda iligunduliwa kuwa na vivimbe kwenye mishipa mikuu ya majani na vikonyo, na mjenzi wake ni Leptocybe invasa, mdudu wa asili ya Australia aliyepewa jina mwaka 2004. Mmoja wa vimelea wanaotumiwa kumdhibiti Leptocybe ni Quadrastichus mendeli. Basi tuna Quadrastichus mmoja ambaye ndiye adui wa mti kwenye mwamba-ngoma, na Quadrastichus mwingine ambaye ni rafiki wa mkulima kwenye mkaratusi. Anayeandika katika taarifa yake "Quadrastichus sp." bila kueleza zaidi hajamwambia msomaji kama afurahi au ahuzunike.

Eurytoma naye hana usafi kamili. Wengi katika jenasi hiyo ni vimelea, lakini wamo pia wanaokula mbegu, na ndugu zao wa familia hiyohiyo huishi ndani ya mashina ya nyasi au ndani ya mbegu za mikunde bila kumgusa mdudu yeyote. Kwa hiyo hata baada ya kuhesabu vipingili vitano na kuona vishimo vya subana, mtu bado hajathibitisha kwamba huyo aliyemwona alikuwa anakula mjenzi. Amethibitisha tu kwamba ni Eurytoma. Ushahidi wa nani alimla nani hutoka ndani ya kivimbe, na hapo ndipo uchaguzi wa njia unapoanza kuwa na maana.

Njia za kufanyia kazi

Njia iliyozoeleka ni kufungia tawi zima ndani ya chupa ya mdomo mpana iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, na kusubiri. Faida yake ni wingi: baada ya majuma machache mtu hupata makumi ya nyigu kwa gharama ya chupa na kitambaa. Kasoro yake ni kwamba chupa hukusanya kila kilichokuwa juu ya tawi. Vidukari na wadudu wengine wanaonyonya majani nao wana nyigu wao, na hao hutoka ndani ya chupa hiyohiyo na kuonekana kana kwamba walizaliwa kivimbeni. Nimewahi kutumia saa nyingi kumtafutia jina nyigu mmoja mzuri mweusi, kumbe alitoka kwenye kidukari kilichokauka chini ya jani. Njia hii inafaa kwa uchunguzi wa kwanza, pale mtu anapotaka kujua kama kuna chochote zaidi ya mjenzi, na haifai kutoa hukumu.

Njia ya pili ni kukata kila kivimbe peke yake, kukisafisha kwa brashi laini, na kukiweka ndani ya kidonge kitupu cha jelatini au kichupa kidogo chenye namba. Ni kazi ya kuchosha. Vivimbe vilivyokatwa vikiwa vichanga hunyauka na mabuu hufa. Vilivyo ndani ya unyevu mwingi huota ukungu. Muda mwafaka ni pale kivimbe kimeanza kukakamaa na baadhi ya wenzake kwenye tawi hilo wameshaonyesha tundu la kwanza. Lakini yanayopatikana hapa hayapatikani kwa chupa ya pamoja, kwani sasa mtu anaweza kusema kwamba kivimbe namba fulani kilitoa wajenzi wanne na hakikutoa Eurytoma, na kingine kilitoa Eurytoma mmoja na hakuna mjenzi hata mmoja. Mpangilio huo ukijirudia katika vivimbe vingi, unaanza kuwa ushahidi. Na asiharakishe kuvitupa vivimbe baada ya wajenzi kutoka, kwa kuwa mara nyingi kimelea huchelewa kutoka kuliko mwenyeji wake.

Njia ya tatu, kupasua, ndiyo ninayoipenda na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kinachohitajika ni wembe mpya, sindano mbili nyembamba zilizofungwa kwenye vijiti, na hadubini ya kawaida ya kutazamia wadudu. Kivimbe hukatwa vipande vyembamba, na kila chumba hutazamwa kabla ya kuguswa. Buu wa mjenzi hukaa katika chumba chake mwenyewe, mweupe, laini, asiye na miguu, na kuta za chumba hicho ni nzima. Eurytoma erythrinae ana tabia inayomsaliti: buu wake mmoja haridhiki na mwenyeji mmoja, bali hutoboa kuta na kuhamia vyumba vya jirani, akila mabuu kadhaa hadi atimize ukuaji wake, kiasi kwamba inaelezwa anaweza kumaliza hata watano. Kwa hiyo anayepasua akikuta vyumba viwili au vitatu vimeunganishwa kwa njia iliyotafunwa, mabaki ya ngozi za mabuu wengine yamesukumwa pembeni, na katikati yupo buu mmoja mwenye nguvu na mataya yanayoonekana, ameona kwa macho yake kitendo ambacho hakuna jina wala alama ya bawa inayoweza kukithibitisha vizuri kuliko hivyo.

Upungufu wa kupasua ni kwamba buu hana jina. Funguo za kutambulisha nyigu zimeandikwa kwa ajili ya wadudu waliokomaa, karibu zote, na za jike zaidi kuliko dume. Ndiyo maana sishauri kupasua peke yake wala kufuga peke yake. Tawi moja ligawanywe: nusu ya vivimbe vipasuliwe, nusu vifugwe kimoja kimoja. Na buu aliyekutwa akila asitupwe, atiwe ndani ya ethanoli ya asilimia 95 pamoja na kile alichokuwa akikila, kila mmoja kichupa chake.

Hapo ndipo vinasaba vinapoingia, na nadhani vimetukuzwa na kulaumiwa kupita kiasi kwa pande zote mbili. Kipande kinachotumiwa zaidi ni cha jeni la mitokondria liitwalo COI, chenye herufi 658 hivi. Kazi yake iliyo bora kwa nyigu wa vivimbe ni kuunganisha: kuonyesha kwamba dume hafifu wa milimita moja ni wa spishi ileile ya jike wa manjano na kahawia, au kwamba buu aliyekutwa katikati ya vyumba vilivyotobolewa ni wa spishi ileile ya Eurytoma mweusi aliyetoka katika kivimbe cha jirani. Hilo hadubini haiwezi. Lakini anayedhani kwamba maabara itamrudishia jina lililo tayari atahuzunika mara nyingi, kwa sababu kanzi za vinasaba zinafahamu tu spishi ambazo mtaalamu wa maumbile alikwisha kuzitambua na kuziweka humo, na nyigu wadogo wa Afrika bado ni wachache sana humo. Kuna pia hitilafu mbili zinazojirudia. Bakteria Wolbachia, ambaye huishi ndani ya wadudu wengi wa aina hii, anaweza kusomwa badala ya mdudu mwenyewe. Na buu wa kimelea aliyeshiba hubeba tumboni vinasaba vya mdudu aliyeliwa naye. Maabara inayojua kazi huchunguza mambo haya, na pia hutoa vinasaba bila kumponda mdudu, ili mwili ubaki kwa ajili ya hadubini. Mtu aulize hilo kabla ya kutuma, kwani nyigu aliyepondwa hawezi kuhesabiwa vipingili tena.

Picha za simu, hata zenye lenzi ya ziada, zinafaa kuonyesha kivimbe na mti. Zisitumiwe kumtaja nyigu. Zinaweza kutenganisha Eurytoma mweusi na mjenzi mwenye manjano katika mwanga mzuri, na mpaka wake ni huo.

Kuchagua kwa kufuata mahali na haja

Jambo ambalo ningependa msomaji wa Afrika Mashariki alishike ni kwamba ugumu wa kutambua haulingani kila mahali, na mara nyingi huwa mkubwa zaidi nyumbani kwa mdudu. Huko Hawaii, mjenzi ni mmoja, aliingia akiwa na tofauti ndogo mno za kinasaba kati ya mmoja na mwingine, na kimelea aliyeachiwa anajulikana kwa jina. Mtu wa huko akikuta katika kivimbe cha wiliwili nyigu mweusi mwenye vishimo na vipingili vitano, ana sababu nzuri ya kusema ni Eurytoma erythrinae. Akiwa Morogoro au Kakamega, kwenye mwamba-ngoma ambao umeishi na wadudu wake kwa muda usiohesabika, hawezi kujipa uhuru huo. Spishi tano zilizotangazwa Afrika Kusini mwaka 2009 zinatosha kuonyesha kwamba mti huu una wageni wengi, na baadhi ya Quadrastichus wa Afrika wanafanana vya kutosha kumpoteza mtu anayelinganisha na maelezo ya mjenzi mmoja tu. Ukurasa wenye picha za Hawaii ni mwongozo mzuri kwa Hawaii.

Kwa hiyo mwenye kitalu anayetaka tu kujua kama vivimbe vyake vina adui wa asili, ili aamue kama atanyunyiza dawa au aache, hana haja ya jina la spishi. Apasue vivimbe thelathini au arobaini kutoka miti mbalimbali, ahesabu vyumba vilivyotobolewa na vilivyo vizima, na afuge vingine kwa chupa. Akiona vyumba vilivyounganishwa kwa wingi na nyigu weusi wa vipingili vitano wakitoka, dawa itawaua wanaomsaidia kabla ya kumfikia mjenzi aliyejificha ndani ya nyama ya mmea, na ushauri wangu kwake ni aiache chupa ya dawa ghalani.

Mwanafunzi anayeandika tasnifu yuko katika hali nyingine. Yeye anahitaji jina, na jina linahitaji mwili. Atumie njia ya kivimbe kimoja kimoja, apasue nusu, aweke sehemu ya nyigu katika ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba, na sehemu nyingine aitayarishe kwa hadubini. Hapa kuna onyo ambalo vitabu hulitaja kwa ufupi mno: nyigu wa Eulophidae ni laini, na wakitolewa kwenye spiriti na kuachwa wakauke hewani hunywea, uso hujikunja, tumbo hubonyea, na vipimo vyote vya urefu hupotea. Wakaushwe kwa kemikali iitwayo HMDS au kwa mashine maalumu ya ukaushaji, ndipo wagundishwe kwenye kadi. Eurytoma mgumu huvumilia zaidi. Bawa moja na kipapasio kimoja cha jike viwekwe kwenye slaidi, kwa kuwa ile nywele moja au tatu juu ya mshipa ndiyo itakayoamua kati ya majina mawili.

Afisa wa afya ya mimea anayefikiria kumhamisha kimelea kutoka nchi moja hadi nyingine hana ruhusa ya kuchagua njia moja kati ya hizi. Anazihitaji zote, na juu yake karantini, kwa sababu kosa lake haliwezi kurudishwa chupani. Yeye ndiye ambaye lazima athibitishe kwamba anayemfuga hali mmea, hamli kimelea mwenzake, na wala si mpangaji aliyekuwa akiishi kwa kivuli cha wengine. Nairobi kuna wataalamu na mikusanyo ya wadudu katika icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Pretoria kuna mkusanyo wa taifa wa wadudu wa Afrika Kusini, na London Makumbusho ya Historia ya Asili ina hazina kubwa ya nyigu wa kundi hili. Sampuli hazitumwi kuvuka mpaka bila kibali cha nchi zilikotoka.

Katika kutuma, lebo ina thamani sawa na mdudu. Iandikwe nchi, wilaya, kijiji na majira-nukta, tarehe ya kukata tawi, tarehe nyigu alipotoka, na sehemu ya mti iliyokuwa na kivimbe, kama ni jani, kikonyo, kitawi, ua au ganda la mbegu. Spishi ya mti isikisiwe: Afrika Mashariki kuna Erythrina zaidi ya moja, E. abyssinica ya bara na E. sacleuxii ya pwani zikiwamo, hivyo tawi lenye majani na maua likandamizwe kwenye karatasi na kutumwa pamoja. Na kila nyigu aende na ganda la kivimbe alimotoka, ndani ya kichupa chake chenyewe, likiwa na namba ileile.